Leta Ganda Kwanza

Kwa miezi mitatu nililala vibaya kwa sababu ya boksi tupu la dawa nililolificha ndani ya begi, chini ya nguo zangu. Lilikuwa boksi la kawaida, limechakaa pembe, na ubavuni limeandikwa miligramu mia mbili. Swali lilikuwa moja, ingawa nililigeuza mpaka likawa kumi: nimpelekee Mzee wa Stoo boksi hili, au nilichome ninyamaze? Nilikuwa naamua hivi nikilala, na kufikia wakati wa kupiga mswaki nimeshapata sababu tano za kuamua vingine. Ndivyo nilivyo. Hata nikipanda ngazi huwa nawaza nikiteleza nitaangukia upande gani.

Boksi lenyewe halina maana bila yule mzee, basi nimweleze yeye kwanza.

Tulimwita Mzee wa Stoo kwa kuwa alifanya kazi miaka mingi katika stoo ya kiwanda kimoja cha rangi, Industrial Area, na alipostaafu mwili ulitoka, kichwa kikabaki humo. Chumba chake kilikuwa cha kwanza ukimaliza ngazi za ghorofa ya tatu, katika ploti yetu ya kupanga, Tassia, Nairobi. Sisi tulikuwa milango mitatu mbele. Nimemjua tangu nikiwa darasa la nne. Mfuko wa shati lake ulibeba kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na ile nyekundu sikuwahi kumwona akiitumia. Siku moja nikamuuliza ni ya nini.

"Ya makosa," alisema. "Bado sijafanya."

Hakuwa anatania. Mzaha wake ulikuwa mchache na mkavu, na mara nyingi ulikuja siku ya pili yake, ukiwa umeshasahau mlikuwa mnaongea nini.

Alisoma tarehe ya kila kitu. Mkate, maziwa, kiberiti ambacho hata hakina tarehe. Mwenye duka la chini alikuwa akimwona anaingia, anaanza kupanga upya maziwa. Kuna Jumapili kanisa letu lilikuwa na wageni, na yeye, akiwa mmoja wa wazee wa kupokea watu mlangoni, akaalikwa meza ya mchungaji. Alifunguliwa soda. Akaigeuza chupa, akasoma, akairudisha mezani taratibu.

"Hii ilikwisha mwezi uliopita."

Mchungaji alikuwa ameshamaliza yake. Akaiangalia chupa, akamwangalia mzee.

"Basi tutakuombea," mzee akamwambia.

Alikuwa mgumu wa mkono kwa mambo madogo. Alivutana bei na mama wa mboga kila jioni juu ya fungu la sukuma, na akishinda hapo anaondoka akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Lakini kwenye dawa hakuomba hata shilingi moja ipunguzwe. "Ukipunguziwa bei ya dawa," alikuwa akisema, "jiulize umepunguziwa na nini kingine." Maneno hayo yalinisumbua sana nikiwa chuoni nasoma kemia, kwa sababu kazi yake kubwa kwetu ilikuwa kutuletea dawa za bei nafuu. Nilimwambia kwamba anajipinga.

"Sijipingi, msomi. Kule haijapunguzwa. Kule ndiyo bei yake."

Kule kulikuwa Busia, upande wa pili wa mpaka, Uganda. Mke wake hakuwahi kuhamia Nairobi; alibaki nyumbani, akilima karibu na mji huo, na mzee alimwendea kila mwisho wa mwezi. Mwaka nilioingia sekondari, dawa ya mama yangu ilipanda bei mpaka akaanza kuruka vidonge vya jioni. Mama ana kifafa. Anashona sare za shule, na mtu wa cherehani hawezi kuwa na mkono usiomtii. Mzee alisikia kikohozi cha cherehani kimekatika katikati ya mchana, akaja akasimama mlangoni.

"Mama Mutheu, mbona kimya?"

Mama akamwambia ukweli, jambo ambalo hakuwa akilifanya na majirani. Mzee akachomoa kalamu ya bluu.

"Ng'ambo ya kwetu pale kuna kemisti mmoja namwamini. Nipe karatasi ya daktari. Na uniletee ganda."

Ganda lilikuwa neno lake. Alimaanisha boksi tupu la dawa iliyokwisha. Tangu siku hiyo hakuna aliyeletewa dawa na Mzee wa Stoo bila vitu hivyo viwili, karatasi yenye muhuri na ganda. Pale kemisti, alituambia, huliweka ganda kwenye kaunta, analiweka boksi jipya kando yake, anapitisha kidole neno kwa neno, herufi kwa herufi, kama alivyokuwa akipokea madebe ya rangi kutoka kwa lori. Akirudi, anakukabidhi yote mawili, jipya na ganda, ili nawe ulinganishe. Sisi hatukuwa tunalinganisha. Nani angelinganisha kitu kilichopita mikononi mwa mzee yule?

Ghorofa nzima ikaanza kumpa karatasi. Alikuwa na daftari la mistari ambalo kila mtu alikuwa na ukurasa wake: jina, dawa, nguvu yake, mara ngapi kwa siku. Mpakani alipita njia kubwa, akaonyesha karatasi zote kwa afisa kabla hajaulizwa. Baba Eugene wa chumba cha saba, kibarua katika kiwanda cha sabuni, mgonjwa wa moyo na mtu wa maneno mengi, alimchokoza siku moja pale kwenye ngazi.

"Mzee, si ulete katoni mbili tuuzie watu wa Donholm? Utajenga, mzee. Utatuaga hapa."

"Za nani?"

"Za yeyote, bana. Wagonjwa wako wengi."

"Dawa isiyo na jina la mtu ni mzigo wa mwizi," mzee akasema, akapita. Kisha, akiwa ameshafika mlangoni kwake, akageuka. "Na wewe ukiuza dawa ya moyo, moyo wako utaupa nini?"

Baba Eugene alicheka mpaka akashika kifua, na sisi tukamwambia aache kucheka.

Lakini mzee huyo huyo alikuwa na shinikizo la damu, na vidonge vyake mwenyewe alivikata nusu. Mama alimkuta akifanya hivyo, kwa wembe, juu ya gazeti, kwa uangalifu mkubwa wa mtu anayefanya jambo la kijinga. Alimgombeza. Alimuuliza kwa nini asijiletee za kutosha anapowaletea wengine.

"Stoo ya mtu mmoja haikaguliwi," mzee akajibu.

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Siku nyingine naona ni unyenyekevu, siku nyingine naona ni kiburi kilichofichwa vizuri. Hakupenda kushukuriwa. Ukimshukuru, anakuuliza umelipa kodi. Mchungaji alipotaka kumtaja kanisani, akatishia kuhamia dhehebu lingine. Hata hivyo, ukipita mlangoni kwake jioni ya siku aliyorudi, utakuta mlango uko wazi kabisa, naye ameketi akiukabili, daftari liko magotini, akingoja watu waje.

Macho ndiyo yaliyoanza kumwacha. Jicho la kushoto lilipata ukungu, wakamwambia ni mtoto wa jicho. Alinunua kioo cha kukuza, akakifunga kwa kamba shingoni. Alisoma polepole zaidi, lakini sikuwahi kusikia amekosea.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, kliniki ilimpandisha mama dozi, kutoka miligramu mia mbili hadi mia tano. Nilikuwa naye. Nilimsikia daktari kwa masikio yangu. Wakampa dawa ya miezi mitatu palepale hospitalini, ikiwa kwenye bahasha ya khaki, bila boksi. Tulipofika nyumbani mama akazitoa, akazipanga ndani ya boksi lake la zamani, lile la mia mbili, kwa sababu lilikuwa imara na lilikuwa na mahali pake kabatini, kati ya chumvi na majani ya chai. Kwa mama kutupa boksi zima ni dhambi ndogo. Nyumba nyingi za ghorofa yetu hufanya hivyo. Utafungua mkebe wa biskuti, ukute nyuzi.

Mwezi wa nne bahasha ikawa imekwisha, na mzee akapita kukusanya. Mama alikuwa amepeleka sare. Nilikuwa napiga viatu rangi, nina usaili wa kazi asubuhi hiyo, na usiku mzima nilikuwa nimejibu maswali ambayo hakuna mtu angeniuliza. Nikampa mzee karatasi na boksi. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kunyeshewa, na daktari alikuwa ameandika kama mtu anayekimbizwa. Mzee akashusha kioo chake.

"Namba hii naiona kama mbili, naiona kama tano. Msomi, ni ngapi?"

"Angalia ganda, mzee. Namba iko pale."

Mimi, ninayewaza hadi jinsi ya kuanguka kwenye ngazi, sikuwaza hapo. Akaandika kwenye daftari, akaenda.

Alileta mia mbili. Mama akavitazama vidonge kiganjani.

"Mutheu, hizi mbona zimekuwa ndogo?"

"Siku hizi kila kitu kimepunguzwa, mama," nikamwambia. "Hata mkate."

Siku ya tisa alianguka jikoni akiwa ameshika sufuria ya uji. Alikuwa hajaanguka kwa miaka sita. Mkono wa kulia uliungua kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo, mkono wake wa kushonea. Hospitalini daktari aliisoma karatasi bila shida yoyote, akasema tano, akatuuliza ni nani aliyemnunulia mia mbili.

Mzee wa Stoo alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikuja akiwa amevaa kandambili, yeye ambaye hata chooni alienda na viatu. Akaomba boksi jipya, akaliinua karibu na jicho la kulia, akalisoma.

"Ganda halidanganyi," akasema. "Lazima liliandikwa tano, nikasoma mbili. Ni mimi. Ni macho yangu."

Nilijua wakati huohuo. Nilijua kabla hajamaliza sentensi. Mdomo wangu ulifunguka, na nikawaza: si hapa, si mbele ya daktari, si mama akiwa amelala hivi. Jioni nikatoa ganda kabatini, nikasoma mia mbili, nikalitia kwenye begi.

Wiki hiyo alipita mlango kwa mlango kuwaambia watu kwamba macho yake yamemkosesha na hatabeba dawa ya mtu tena. Mama alimsamehe kabla hajaombwa. Wengine walimsihi. Hakubadilika. Baba Eugene aliniambia kwamba mzee alimwonyesha ukurasa wa mama kwenye daftari: mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, na juu yake neno moja, MACHO.

Nilijitetea vizuri, kana kwamba ndicho nilichosomea. Nilijiambia macho yake kweli ni mabovu, na siku moja angekosea kweli, kwa hiyo ni heri ameacha. Nilijiambia ukweli hautauponya mkono wa mama. Nilijiambia mzee amesharidhika, nimfukue ili iweje? Nilikuwa kama napigia debe usalama wa watu, kumbe nalinda ngozi yangu. Wakati huo mama alikuwa anarudi kwenye mtindo wake wa zamani. Tulinunua dawa hapa kwa bei ya hapa, na nikaanza kuvihesabu vidonge vya jioni, nikikuta vimebaki. Baba Eugene naye alikuwa anapumzika mara mbili kwenye ngazi, kisha mara tatu.

"Niaje, msomi," alinisalimia siku moja, ameketi kwenye ngazi ya ghorofa ya pili, pakiti ya unga magotini.

"Poa. Umekunywa dawa?"

"Nakunywa siku moja, naruka moja. Moyo nao ni casual, kibarua kama mimi. Usizoee kupewa kazi kila siku."

Sikuweza kucheka. Yeye pia hakucheka.

Siku chache baadaye nilikuwa Donholm, natoka kuacha barua ya kazi, nikaingia kemisti kununua dawa ya mama. Mzee wa Stoo alikuwa kaunta. Hakuniona. Nilikuwa sijamwona kwa karibu tangu hospitalini, maana nilijifunza kupita mlango wake upesi, na ukweli ni kwamba mlango huo siku hizi ulikuwa umefungwa. Shati lilikuwa lilelile, kalamu zilezile. Kioo hakikuwepo shingoni. Binti wa kaunta alikuwa amempa kipande cha vidonge vya shinikizo la damu. Mzee akakiinua karibu na jicho la kulia, na nikaona midomo yake ikisoma. Jina la dawa, sawa. Hamsini, sawa. Mwezi, mwaka. Alisoma kila kitu, na kila kitu kilikuwa sahihi. Nilikuwa nyuma ya bega lake, nilikiona.

Kisha akakirudisha kwenye kaunta.

"Mwanangu, nisomee."

"Si umesoma, guka?" binti akasema, akimwita babu kwa Kikuyu. "Nimekuona."

"Nisomee wewe. Mimi macho yangu hayaaminiki."

Yule binti akasoma kwa sauti ya kuchoka. Mzee akawa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayesikia habari hizo kwa mara ya kwanza.

Nilitoka bila kununua kitu. Nilisimama nje, karibu na barabara, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili sikuwa na pande mbili za kufikiria. Mzee alikuwa bado anaona. Aliyemfunga macho nilikuwa mimi, na nilikuwa natembea na kitambaa chenyewe ndani ya begi.

Nilimwambia mama kwanza, jioni ileile. Alikuwa anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo zilikuwa ndogo," akasema.

"Zilikuwa ndogo, mama."

Akautunga ule uzi. Ilimchukua muda. "Nenda kwake kabla hajalala," akasema. "Mimi na wewe tutaongea baadaye."

Mzee alinifungulia akiwa na kikombe cha chai. Sikukaa. Nililiweka boksi mezani, nikamwambia ni ganda alilopewa mwezi wa nne, kwamba lilikuwa la dawa ya zamani, kwamba nilijua dozi imepandishwa na sikumwambia aliponiuliza, na kwamba nimekaa nalo. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Ikaisha mapema.

Akaliinua. Akalisoma pande zote sita. Mia mbili akaisoma kwa sauti, mara moja.

"Toka nje kidogo," akasema.

Nikasimama kwenye ngazi. Watu walipanda, wakashuka, wakanisalimia. Sijui ni dakika ngapi. Aliponiita, daftari lilikuwa wazi kwenye ukurasa wa mama, na kalamu nyekundu iko juu yake.

"Kwenye stoo, kosa huandikwa na aliyelifanya. Andika."

Nikakata neno MACHO, nikaandika chini yake: Ganda lilikuwa la zamani, nilijua, sikusema. Mutheu. Akasoma, akachukua kalamu yake, lakini hakuirudisha mfukoni. Akaandika na kosa lake, pembeni, kwa herufi ndogo: Karatasi haikusomeka, sikuirudisha kwa daktari.

"Mzee, hiyo si—"

"Nyamaza. Karatasi ikishindana na macho, mzigo haupokelewi. Nilijua hivyo kabla hujazaliwa." Akafunga daftari. "Nilienda kwenye milango hii yote kuwaambia ni macho yangu. Siwezi kurudi kuwaambia ni wewe. Hiyo ni safari yako."

Nikauliza kama atasafiri tena.

"Namwendea mke wangu Alhamisi. Kemisti yuko palepale." Akakunywa chai, ikiwa imepoa. "Tutakuwa wawili. Mimi nasoma, kisha wewe unasoma. Tukitofautiana, tunarudi bila dawa."

Nilianza kwa mlango wa mbali, kwa kuwa nilijua nikianzia karibu nitaishia hapo. Baadhi walinisikiliza. Mama mmoja alinifungia mlango katikati ya maneno, na sikumlaumu. Chumba cha saba nilikiruka, nikakifikia mwisho. Baba Eugene alikuja amejishika ukutani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, boksi mkononi, bila kupunguza kitu. Akaliinamia boksi, akaisoma namba.

"We Mutheu," alisema. "Miezi mitatu."

"Miezi mitatu."

Akaingia ndani. Nilisikia kabati likifunguliwa, vitu vikisogezwa. Akarudi na karatasi ya daktari na ganda lake, akavishika bila kunipa.

"Hili ndilo lenyewe, ama ni la kuwekea nyuzi?"

"Tusome," nikasema.

Tukasoma pale mlangoni, yeye karatasi, mimi ganda, neno kwa neno, mpaka maneno yote yakakutana.